Nyumba Yangu Imekuwa Ofisi, Mimi Nimekuwa Mpangaji

Admin, nifiche jina tafadhali. Musoma ni padogo na wenzangu karibu wote wako kwenye hii page.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mjane, nina watoto wawili. Kwetu ni Bunda, nikaolewa na mtu wa Butiama, tukajenga hapa Nyasho. Nauzaga dagaa sokoni. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walianza maneno ya kuuza nyumba hata matanga hayajaisha. Aliyesimama ni dada yake mkubwa, wifi yangu. Aliwaambia mbele ya watu, "Mkimtoa huyu humu ndani, mtanitoa na mimi." Tangu siku ile wifi akisema kaa, nakaa. Akisema simama, nasimama.

Wifi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Kila Jumamosi tunaendaga kwa mmoja wetu, tunafyatua tofali, tunakandika, tunaezeka, mpaka nyumba yake isimame, ndipo tunahamia kwa mwingine. Ukishindwa kuja, unaleta kuni za kuchomea tofali. Mimi niliomba yangu iwe ya mwisho kwa sababu ilikuwa haivuji.

Sasa ikatangazwa ruzuku ya serikali ya kuendesha vikundi vinavyokarabati nyumba za mtaani. Tulifurahi, tukapiga vigelegele! Lakini kulikuwa na sharti: kikundi kiwe na ofisi yake chenyewe, siyo ya kupanga wala ya kuazima. Sisi tulikuwaga tunakutana kwenye baraza langu. Wifi akanijia jikoni, akaniambia, "Wifi yangu, tuiandike hii nyumba ni ya kikundi. Ni karatasi tu ya kuwaridhisha. Wakishatupa ruzuku, tunaichana." Nikasaini. Wallahi hata sikuisoma yote, nilikuwa nageuza ugali.

Siku ya ukaguzi, afisa akaona vyombo vyangu na magodoro ya watoto. Akaniuliza, "Mama, wewe ni nani hapa?" Nikamjibu kwa kinywa changu hiki, "Mpangaji tu, nawalindia ofisi." Akaandika. Alipoondoka tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wakaanza kuniita Mama Mpangaji. Mjinga mimi, nikawa naitika!

Ruzuku ikaja. Sebule yangu ikawekwa meza, kabati na bango nje. Nikavumilia. Nyumba za wenzangu zikaendelea kusimama moja baada ya nyingine. Nilipokumbusha habari ya karatasi, wifi akawa ananiambia subiri kwanza.

Mwezi uliopita nimerudi sokoni nakuta tangazo mlangoni kwangu, lina muhuri wa kikundi. "Mpangaji aondoe vyombo chumba cha nyuma, kinahitajika kuwa stoo ya saruji." Nikadhani ni utani. Nikaenda kwa wifi nacheka. Hakucheka. Akaniambia, "Kikundi kimekua, wifi. Wewe mwenyewe ulimwambia afisa ni mpangaji. Nani alikulazimisha?" Nikamuuliza, "Na watoto wa kaka yako walale wapi?" Akasema nirudi Bunda kwetu, kuna mashamba. Nililia njia nzima, watu wananitazama.

Heri hata wale mashemeji. Wao walitaka kuninyang'anya hadharani. Huyu alininyang'anyia jikoni kwangu, huku anakula mboga yangu.

Nilikata shauri niende kwa afisa nimwambie ukweli wote. Tatizo, ukweli ukijulikana ruzuku itasimamishwa, maana wote tulidanganya. Na kuna bibi mmoja kwenye kikundi, mzee kabisa, anaishi na wajukuu. Kuta zake zimesimama, bati bado, na mvua ndiyo hizi. Alisikia, akaja kwangu na mkongojo wake, akaketi chini mlangoni. Akaniambia, "Mwanangu, najua umedhulumiwa. Ila ningojee nipate bati kwanza, ndipo useme." Zile tofali zake nilizifyatua mimi, jamani.

Wenzangu kumi wanajua nyumba ni ya nani. Ukimtoa bibi, wote wamelala chini ya bati ambalo mikono yangu ilishiriki kuliezeka. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Wakinikuta sokoni wanauliza bei ya dagaa.

Magodoro ya wanangu sasa yako jikoni. Jumatano afisa anarudi kukagua. Bati za bibi zitatolewa baada ya yeye kusaini. Atasimama barazani kwangu, atafungua daftari lake, na ataniuliza tena, "Mama, wewe ni nani hapa?"

Ndugu zangu mnaosoma, nimjibu nini?