Sweta ya Kwenda Kaskazini

Mwaka jana, Jumanne moja ya mwezi wa saba, tulimpoteza mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alianguka kwenye lango la ghala alilokuwa akilinda kule Kuwait, akafia hospitalini kabla ya jioni. Karatasi iliyokuja na jeneza ilisema moyo ulisimama. Haikusema ulisimamishwa na nini.

Mama alisema yeye anajua. Ni baridi.

Mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini kwetu halikuwa jambo la kuchekesha. Sisi wa Navakholo tunakaa karibu na mstari wa ikweta, unapita huko chini upande wa Maseno. Mimi niliishia darasa la nane, na nakumbuka mwalimu akituambia kwamba joto liko hapo kwenye mstari, na kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo baridi inavyozidi. Mama hakukaa shule hata kiasi hicho, ila amezaliwa Mautuma, na Mautuma iko kaskazini yetu. Alipoolewa huku aliacha blanketi zake nzito kwao kwa sababu hakuziona na kazi. Kwa hiyo mwalimu na mama walikuwa na jibu moja. Turkana na joto lake alikuwa ameisikia, lakini alisema ile ni jangwa la hapo katikati, ukilipita unaanza kuelekea kwa Wazungu na theluji yao.

Mdogo wangu alipopata kazi, mama alinunua nyuzi za kijivu akamfumia sweta. Aliifuma nene, yenye shingo ndefu. Kijana aliondoka mwezi wa kwanza, na simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa ya kushukuru. Alisema usiku kuna baridi kali na sweta inamsaidia. Mama aliwasimulia majirani wote. Baadaye joto lilipoingia hakumwambia mama, alisema tu mambo ni sawa. Mimi aliniambia jua ni kali, nikadhani ni kali kama letu la Januari, lile la kumfanya mtu aanike mahindi na kutafuta kivuli.

Basi kwenye matanga mama aliukataa moto. Ilikuwa Agosti, mvua kila alasiri, na watu wote wameuzunguka moto wa msiba na mashuka mabegani. Yeye alikaa mbali, mikono wazi. Alisema mtoto wake alikufa akitetemeka, na sweta moja haikutosha, angefuma mbili. Mama mdogo, ambaye ni dadake wa kutoka Mautuma, alimrushia maneno kama kawaida yake: "Dada, ukifa na hii baridi sisi tutakuzika na koti, ujue." Wanawake wakacheka kidogo. Mama hakucheka, wala hakusogea.

Tulizika, watu wakaenda. Mimi sikurudi Amalemba, mtaa wa mjini ninakopanga. Nilibaki naye. Kila jioni nilimfunika blanketi, na kila asubuhi nililikuta limekunjwa juu ya kiti. Alianza kukohoa. Daktari wa zahanati alisema kifua kimeingiwa na maji, na mtu wa umri wake hawezi kulala hivyo mvua zote hizi. Nilimwambia mama kwamba huenda ni joto lililomuua mtoto. Akaniuliza kama nimewahi kufika huko. Sikuwa nimefika. Sikuweza kumwapia kitu nisichokijua, kwa hiyo niliendelea kuchemsha chai na kuosha vikombe. Nilichoka mpaka nikawa nasikia malori ya miwa yakipita barabarani na sijui kama ni asubuhi ama jioni.

Siku moja bodaboda ilimshusha mwanamume mmoja langoni. Alijieleza kwamba alilala chumba kimoja na marehemu huko Kuwait, sasa yuko likizo, amekuja kutupa pole. Nilimpa kiti. Mama alimuuliza kwao ni wapi, naye akasema Mautuma. Mama akajiweka sawa. Akamuuliza ni upande gani wa soko, na shamba lao liko wapi, mpaka akaridhika.

"Sasa niambie wewe, mtu wa kwetu," akasema. "Mtoto wangu alishikwa na baridi?"

Yule mtu alitaka kucheka. Kisha akaiona ile mikono isiyofunikwa, akaacha.

"Mama, mwezi wa saba huko hakuna baridi hata ya kuonja."

"Lakini ni kaskazini."

"Ni kaskazini sana, mama. Unapita Turkana, unapita Sudan zote mbili. Na joto linazidi hili letu mbali sana."

Akatueleza polepole. Usiku wa huko, alisema, ni kama mchana wetu wa Januari, na mchana hana cha kuufananisha nao. Tangi za maji ziko juu ya paa, kwa hiyo bomba la maji baridi linachoma ngozi, na wao huteka ndoo na kuiacha ndani ipoe ndipo waoge. Alifanya kazi na watu wa Iraki, nchi iliyo mbele zaidi kaskazini, nao walimwambia kwao ni vilevile. Siku ile ya msiba, alisema, yeye na marehemu walikuwa pamoja pale langoni. Mdogo wangu alilalamika kichwa, akaacha kutoa jasho, akaanguka. Walimmwagia maji ya barafu mpaka gari likaja.

Mama alisikiliza yote. Akauliza kwa nini basi mtoto alisema kuna baridi.

"Januari ni baridi kweli. Aliivaa hiyo sweta mpaka tukamwonea wivu."

"Halafu?"

"Halafu joto likaja, akaikunja ikawa mto. Aliilalianga hiyo tu. Hakutaka mto wa kampuni."

Niliingia ndani nikafungua sanduku la nguo lililorudi naye. Sweta ilikuwa chini, imelala bapa, upande mmoja unang'aa kwa mafuta ya nywele. Nilikuwa nimeiona siku ya kwanza nikafikiri ni uchafu wa safari. Nilimpelekea mama. Aliishika, akainusa pale panapong'aa.

"Ni kichwa chake," akasema.

Mgeni alikunywa chai, akaaga kabla mvua haijashuka. Mama aliingia chumbani. Aliikunja sweta, akaiweka chini ya kichwa, akageukia ukuta. Nikamfunika blanketi. Hakulitoa.