Mkono wa Mama Riziki Siku ya Radi

Mvua ya Goma ilianza kwa harufu ya bati la moto lililoloweshwa ghafla, ikafuata harufu ya mawe meusi ya volkano, halafu kelele za mabeseni. Kwetu hakuna anayechimba kisima kwenye lava. Maji ya bure ni yale yanayotoka juu. Wingu likijikusanya upande wa mlima, kila mama alikimbia nje na ndoo, sufuria, bidoni, hata bakuli la wageni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na kazi yangu ilikuwa kuhesabu vyombo vyetu, vinapotoka na vinaporudi, kwa sababu majirani zetu walikuwa watu wa sala, lakini beseni halina ubatizo. Nilihesabu kila kitu mara mbili. Nilisifiwa mtaa mzima kwa hilo, na mtoto anayesifiwa kwa jambo moja tu huwa hatari.

Nyuma yetu aliishi Mama Riziki, mjane aliyeshona sare za shule. Bati lake lilikaribiana kabisa na la jirani yake, Papa Byamungu, na mfereji wake wa bati, ule wa kukingia maji, ulichomoza upande wa jirani kiasi cha kiganja. Msimu ule wote waligombana juu ya kiganja hicho. "Unaniibia mvua," Papa Byamungu alimwambia. "Basi iandike jina, papa, nitakurudishia," mjane akajibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Tulicheka. Hata Solange alicheka, binti mkubwa wa Papa Byamungu, aliyekuwa akinisuka kila Jumamosi na kunipiga kitana kichwani nikitikisika.

Wiki hizohizo mwalimu wetu wa mwaka wa tano alitufundisha radi. Alisema ndani ya lile wingu refu kuna baridi kali. Vipande vyepesi vya barafu vinapandishwa na upepo, chembe nzito za mvua ya mawe zinashuka, na katika kupishana huko vinagongana na kukwaruzana. Vyepesi vinapanda na chaji chanya, vizito vinabaki chini na chaji hasi, na ardhi iliyo chini ya wingu inajaa chaji chanya kwa kuvutwa. Mimi mtoto wa sokoni nililielewa somo kama mapatano ya bei. Hewa iliyo katikati ni ngumu, haipitishi kitu. Wingu linashusha kwa hatua, linasimama, linashusha tena. Ardhi nayo inapandisha kidogo, na inapandishia kwenye kitu kirefu: mti, mlingoti, mtu aliyesimama peke yake. Pande mbili zikikutana, biashara imekwisha, na mwanga tunaouona ni umeme ukipita kwa mkupuo katika njia hiyo. Nilipata alama zote. Nilikijua kitu hiki vizuri, naomba msomaji akumbuke hivyo.

Alasiri moja wingu lilikuja haraka. Nilikuwa mlangoni na mabeseni yangu sita. Solange alikuwa akianua nguo kwenye waya uliofungwa kutoka nyumba yao hadi kwenye mkaratusi, mti mrefu kuliko kitu chochote mtaani. Mama Riziki alikuwa amepanda juu ya kigoda; upepo ulikuwa umechomoa mfereji wake, naye aliurudisha kwa kuugonga na jiwe. Akainua mkono, akagonga. Akainua, akagonga. Alipoinua mara ya tatu, mwanga na ngurumo vilikuja pamoja. Nilipofumbua macho, gome la mkaratusi lilikuwa limechanika toka juu mpaka chini, na Solange alikuwa amelala juu ya mashuka, kiganja bado kimeshika waya.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu walikaa katika ua wa Papa Byamungu. Kwetu radi haiui mtu hivihivi. Inatumwa, na aliyetumiwa radi lazima awe na aliyegombana naye, au na watu wa nyumbani kwake. Mama Riziki alikalishwa kwenye kiti peke yake. Ikabaki kutafuta shahidi, na wakanikumbuka mimi.

"Mutoto, uliona huyu mama?" shefu wa mtaa aliniuliza.

"Nilimuona, muzee."

"Alikuwa anafanya nini na mukono?"

"Aliinua juu."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Uko na hakika?"

"Nilihesabu mara mbili, muzee."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mama Riziki akanitazama. "Sema jiwe pia, mutoto," akaniambia taratibu. "Sema mufereji pia." Shefu akamwambia anyamaze, mtoto ameshajibu alichoulizwa. Mfereji nilikuwa nao mdomoni. Mkaratusi, waya, barafu, wingu, vyote nilikuwa navyo. Lakini wakubwa walikuwa wakinitikisia vichwa kwa sifa, na mama yangu alikuwa ameniwekea mkono begani, kwa hiyo nikakaa.

Kesho yake mjane aling'oa mbao za nyumba yake alizoweza kubeba, akapakia na cherehani kwenye lori la kwenda mji wa Kiwanja. Mfereji aliuacha. Mama yangu alisema usipotee bure, tukaufunga kwetu, na maji yake tuliyanywa miaka minne.

Siku hizi nauza maharage, nimejenga upande wa Lac Vert, na kila kijana ana simu inayoweza kumweleza radi kwa Kifaransa. Msimu uliopita radi iliua mbuzi saba wa jirani, chini ya mti mmoja. Kufika jioni, ujumbe wa sauti ulikuwa umeshamtaja Muzee Bahati, aliyegombana na mwenye mbuzi juu ya malisho. Safari hii nilisimama mbele ya kikao cha mtaa. Nilieleza wingu, barafu, chaji, mti. Kijana mmoja aliyesoma akauliza, "Sawa, mama, tumesikia. Lakini mbona mbuzi zake, si zako?" Nikamjibu zangu zilikuwa zizini. Wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Aksanti kwa somo, mama. Sasa turudi kwenye kesi."

Nilinyamaza, mtu akahama. Nimesema, mtu anahama. Nimepiga hesabu hii mara mbili na jibu halibadiliki.

Asubuhi nilimkuta Muzee Bahati akifunga godoro nyuma ya pikipiki. Nikamsaidia kuvuta kamba. Aliuliza lile somo la mawingu nililipata wapi.

"Shuleni, muzee. Nilikuwa na miaka kumi."

Akanitazama mvi, bila haraka.

"Ni siku mingi," akasema, "za kukaa na kitu kama hicho mudomoni." Kisha akapanda, na dereva akawasha.