Nilivyokiosha Kibuyu cha Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Musoma, na ugonjwa wangu ni maneno. Nikikutana na neno situlii mpaka nijue limetoka wapi. Kwa hiyo walimu wenzangu walipotafuta mtu wa kusimamia meza ya "maarifa ya jadi" kwenye maonyesho ya utamaduni kule Butiama, hawakuhangaika. Walinitazama tu. Nami kwa kimbelembele changu nikasema meza isiyo na kitu cha kushika ni porojo, nitaleta kibuyu cha maziwa cha mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaishi Mugeta. Kibuyu chake kina shingo ndefu, kimevishwa ngozi kiunoni, na kimegandisha maziwa ya nyumba ile tangu mume wangu hajazaliwa. Wakati huo baba mkwe alikuwa hoi. Tumbo lilikuwa limekataa kila kitu, uji, supu, hata mchuzi wa sato. Kilichobaki ni maziwa mgando ya kibuyu kile, asubuhi na jioni. Nilijua yote hayo, na bado niliomba.

"Siku tatu tu, mama."

"Siku tatu atavumilia. Nitamgandishia kwenye jagi. Lakini kirudi, mwalimu."

Alipokuwa anamimina maziwa yaliyobaki ndani yake, nikatoa karatasi yangu, maana nilikuwa nimeiandika vizuri na nilitaka sifa. Nikamsomea: maarifa ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, kwenye kujua na kutambua. Jadi nalo ni la Kiarabu, maana yake babu. Basi maarifa ya jadi ni yale tuliyoyapata kwa babu.

"Babu?" Aliweka kibuyu chini. "Babu yangu mimi hajawahi kushika kibuyu maisha yake yote! Alikuwaga anajua kunywa tu. Hii nilifundishwa na bibi, naye alifundishwa na mama mkwe wake. Huyo babu ameingiaje hapo?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikajitetea kwamba neno likishasafiri linapanuka, siku hizi jadi ni wote waliotutangulia, wanawake kwa wanaume. Akasema basi wangeanza kumtaja aliyefanya kazi. Nikamwambia tunalo pia la kwetu wenyewe, ujuzi, limezaliwa na kujua, halina babu wala bibi.

"Hilo afadhali," akasema. "Liandike hilo."

Nikaliandika pembeni kwa penseli.

Nyumbani Musoma nikakichungulia kibuyu. Ndani cheusi tii, kinanuka moshi. Nikawawaza wageni wa Butiama wakikishika halafu wananusa vidole. Jamani, msomi mzima! Nikachukua maji ya moto, sabuni ya unga na changarawe, nikatikisa mpaka mabega yakauma. Yakatoka maji meusi kama wino. Nikarudia mpaka yakatoka meupe, nikakianika juani, nikajiona mkwe mwema kuliko wote.

Butiama meza yangu ilijaa watu. Nikaeleza maarifa, nikaeleza jadi, nikaeleza ujuzi na chimbuko lake, kibuyu kikapita mkono kwa mkono. Mama mmoja mtu mzima alikinusa, akanitazama usoni, akampa mwenzake. Nilidhani amevutiwa.

Siku iliyofuata nikapanda basi hadi Bunda, kisha pikipiki mpaka Mugeta, kibuyu nimekikumbatia. Mama mkwe hakukiangalia. Alikinusa.

"Umekiosha."

"Nimekisafisha vizuri, mama."

"Kwa sabuni?"

Akakaa kwenye kigoda taratibu. Nilingoja anifokee, na kwa kweli ningependa angenifokea.

"Siku tatu hajala, mwalimu," akasema. "Ya kwenye jagi ameyatema. Nilimwambia kibuyu kinakuja leo."

Ule weusi ndio uliokuwa unatunza maziwa na kuyapa ladha, nami nilikuwa nimeumwaga wote kwenye karo la jikoni kwangu. Nilikuwa nimesimama mbele za watu nasifia kitu nilichokiua kwa mikono yangu. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena.

"Usilie, hatuna muda. Nenda nyuma ya zizi ukakate vijiti. Vikavu, visivyoguswa na mchwa."

Tulikisuuza kwa maji ya moto mara nyingi, yeye akiyaonja kwa ulimi mpaka sabuni ilipokwisha. Kisha tukachoma kijiti, tukakiingiza kikiwa kaa jekundu, tukatikisa, tukasugua kuta za ndani kwa ufagio mwembamba, tukamwaga majivu, tukaanza upya. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu na pua ilikuwa yake. Loo, ile pua! Aliweza kuniambia hapa umesugua juu tu, hapa moshi ni mchungu kwa sababu kijiti kina ubichi, hapa umeharakisha. Mimi nilinusa moshi, basi. Nimekaa na walimu wengi maishani, wengine wana shahada mbili, lakini sijaona anayemjua mwanafunzi wake namna yule mama alivyokijua kibuyu.

"Bado," alikuwa anasema. "Bado." Halafu mara moja, "Haya, mimina maziwa."

Tukaomba kwa jirani mgando kidogo wa kuanzishia, tukatia na maziwa, tukaziba. Usiku kucha na kesho yake mchana kutwa baba mkwe alikunywa maji kwa kijiko. Kama na haya angeyatema, hatukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Jioni mama mkwe akamimina kikombe, akaingia nacho. Katika nyumba ile mke wa mwana hamlishi baba mkwe, hivyo nilibaki nje, nimeegemea ukuta karibu na dirisha. Nikasikia kikombe kikiguswa.

"Haya si ya kwako," baba mkwe akasema.

"Ni ya mke wa mwanao."

Nikafumba macho. Nikasikia akimeza, akapumzika, akameza tena.

"Mwambie kesho apunguze moshi," akasema. "Niongezee."