Waliochimba Kaburi la Mama kwa Ajili ya Gemu

Asubuhi moja hapa Usoke nilitoka uani na ndoo ya maji, nikakuta wanaume watatu kwenye kaburi la mama yangu. Mmoja ameshika simu. Wawili wameshika sururu.

Ukingo wa kaburi walishaubomoa, na shimo limefika magotini.

"Dada, usihofu," akasema mwenye simu. "Tukipata, na wewe una mgao wako."

"Mkipata nini?"

Akanigeuzia simu. Jamani! Kwenye kioo ni kwetu kabisa: reli, bani letu la kukaushia tumbaku, na msalaba mweupe wa mama. Chini ya msalaba, sanduku la hela ya Mjerumani.

Kumbe ni gemu. Unakuwa mpagazi, unafuata njia ya misafara kutoka Ujiji, unapigana na mazimwi, unasaka hazina. Na watu wa huku mnawajua kwa hela ya Mjerumani. Waambie ipo chini ya kitanda cha mkwe, watachimba.

Nikawafukuza kwa mpini wa jembe. Kisha nikapanda basi kwenda Tabora mjini, maana aliyetengeneza gemu lile namjua. Ni Emilian, mtoto wa mjomba. Aliyelala pale ni shangazi yake wa damu.

Nilimkuta mtaani Kitete, kwenye nyumba ya kizamani aliyopanga, kiburi kimemjaa.

"Dada Katarina, dunia ya gemu inataka siri," akaniambia. "Msalaba ule unaonekana tangu relini. Mchezaji akiuona tu, lazima auendee. Nikiutoa, bonde zima la kwenye gemu linapooza."

"Watu wanamfukua shangazi yako, Emilian."

"Washamba hao. Ni gemu tu."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikaondoka.

Sasa, ndani ya gemu, kwenye visima, mchezaji anaweza kuwaachia ujumbe wanaokuja nyuma, kama wapagazi wa zamani walivyolaza tawi kuziba njia isiyofaa. Nikalipakua gemu lenyewe. Nimekufa humo mara nyingi, mazimwi yale hayana adabu, ila kisima cha mwisho nikakifikia.

Nikaandika: "Kaburini hamna kitu. Mtengenezaji kahamisha sanduku, kalifukia sebuleni kwake Kitete, geti la bluu."

Wiki haikuisha, Emilian akapiga simu. Watu wamejaa getini na sururu zao, hawataki kuondoka.

"Ni gemu tu, mdogo wangu," nikamjibu.

Jioni ileile akautoa msalaba wa mama kwenye gemu, akawatangazia wachezaji wote kwamba sanduku ni la kutunga. Watu wakatawanyika.

Kesho yake nikaenda kwake kuhakikisha. Geti zima, kufuli zima, hakuna mtu aliyeingia. Lakini sebuleni vigae vimeng'olewa, na katikati kuna shimo. Emilian yumo ndani, yanaonekana mabega tu.

"Unafanya nini humo?"

Akaficha mikono. Kucha nilishaziona, zimejaa udongo.

"Nyumba ni ya zamani, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nikawaza, watu wote wale hawawezi kukosea."

Ndugu msomaji, tunga dunia yako utakavyo, ila usiisimamishe juu ya mifupa ya wenzio. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mimi sikumpa mkono. Nilimwacha humohumo, nikawahi basi la Usoke kumjengea mama upya ukingo wa kaburi lake.