Jiko la Green Lililonifanya Nimbebe Mama Mkwe

Mimi ndiye yule mkwe aliyembeba mama mkwe wake mikononi, mchana kweupe, majirani wakitazama.

Kama wewe ni mtu wa Bungoma, najua umeshashika kichwa. Tulia kwanza, usinitukane.

Naitwa Ngige. Ni Mkikuyu wa kuzaliwa Kitale, nafuga kuku. Mke wangu Everlyne ni Mbukusu wa Kabuchai, huko Bungoma. Siku ya kwanza kwenda kwao nilipewa sheria: mama mkwe humpi mkono, humtazami usoni, na chumba alichomo huingii. Nikifika nasimama uani, naita hodi. Yeye anatokea mlango wa nyuma, anaenda kwa jirani, ndipo naingia.

Sheria hiyo niliishika bila kuteleza.

Mwezi wa nane Everlyne akajifungua binti yetu, Nyaruai. Akaomba akalelewe kwao na mama yake hadi apate nguvu. Nikakubali.

Sasa, huko kwao kuna kaka yake, Festus. Moyo safi, mdomo haupumziki. Shirika fulani lilikuja kanisani kwao kugawa majiko na makaa yaliyotengenezwa kwa makapi ya miwa. Mama mmoja kutoka ofisi yao ya Kitale alihutubia kwa Kiingereza, Festus akatafsiri. Akapewa fulana imeandikwa Green Champion, na sisi tukakoma.

"Shemeji, hii kitu ni sustainable. Ni eco-friendly. Ni net zero, bana!"

"Net zero ni nini?"

"Ni green. Ile ya kabisa."

Maneno hayo yalikuwa yamenichosha. Siku hizi Kitale kila kitu ni green. Hata kinyozi wangu amepaka ukuta kijani, akaandika "sustainable cuts" mlangoni, na mifuko yake ya plastiki bado anaichomea nyuma ya duka.

Jumamosi moja ya mvua na baridi kali, nikabeba njahi, yale maharagwe meusi ya kumpa mzazi nguvu, nikateremka Kabuchai. Nikasimama uani.

"Hodi!"

Kimya.

Mlango umefungwa. Dirisha la chumbani limezibwa kwa gunia. Nikampigia Everlyne. Simu yake ikalia mle ndani mpaka ikakatika.

Kisha nikamsikia mtoto. Kilio chembamba, cha kuchoka. Hapo nikaanza kuogopa.

Nikampigia Festus.

"Niko Chwele sokoni. Wamelala tu, shemeji. Niliwawekea jiko, mtoto asishikwe na baridi."

"Umeliweka wapi?"

"Huko chumbani. Usijali, haina moshi. Si nilikuambia iko green?"

Mfugaji yeyote wa vifaranga anajua jambo hili: makaa yakiwaka mahali pamefungwa, yanatoa sumu usiyoiona wala kuinusa. Unafungua banda asubuhi, unakuta vifaranga wote wamelala na hawaamki.

"Festus, mimi naingia."

"Ati nini? Mama yuko ndani! Ngoja nikuje, usituletee mkosi!"

Mtoto akanyamaza.

Sikungoja. Nilipiga mlango kwa bega mara kadhaa, komeo likang'oka. Chumbani kulikuwa na joto zuri. Hakuna moshi, hakuna harufu. Ungeingia ungedhani ni mahali pazuri pa kupumzika.

Nilimchukua mtoto kwanza, nikamlaza barazani. Nikarudi nikamkokota Everlyne, kichwa kimelegea. Kichwa changu pia kilianza kuzunguka.

Alibaki mama mkwe, sakafuni kando ya kitanda.

Mama Joy, jirani yao, alikuwa amefika kwenye ua. "Mkwe! Usimguse huyo!"

"Basi njoo umtoe wewe!"

Hakusogea. Amewekewa mwiko huo tangu utotoni, simlaumu. Nami nilisita. Nasema ukweli, nilisita mlangoni pale huku mtu anakufa.

Nikaziba pumzi, nikaingia, nikamnyanyua.

Kule nje mtoto alikuwa ameanza kulia kwa sauti. Sijawahi kupenda kelele namna ile. Everlyne akatapika, akaniita jina. Mama mkwe akafumbua macho, akaona amelala mikononi mwa nani, akavuta leso akajifunika uso. Mimi nilikuwa nalia tu.

Mama Joy ndiye aliyetafuta pikapu ya kutupeleka hospitali Bungoma. Wakawekewa oksijeni wote watatu. Daktari akasema watapona.

Festus alifika hospitalini amelowa, fulana yake imemganda mwilini. Nilikuwa nimepanga kumpiga. Akaongea kabla sijanyanyua mkono.

"Shemeji, yule madam alisema kitu juu ya madirisha. Ati ventilation, ati carbon sijui nini. Mimi sikushika. Na kanisa yote ilikuwa inaniangalia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, 'Anasema iko green.' Wakapiga makofi."

Ngumi yangu ikafunguka yenyewe. Nikatazama nje. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Festus. Hayo majiko mliwapa akina nani?"

Akanitazama.

"Wamama wote wenye watoto wadogo."

Tulipiga simu tukikimbia. Tukapanda pikipiki moja, tukarudi Kabuchai, tukazunguka boma baada ya boma. Wengi walikuwa wameliacha jiko jikoni. Kwa dada mmoja, Sally, mlango ulikuwa umefungwa. Tulipougonga alitoka akijishika ukuta, mtoto mgongoni, akilalamika kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Festus alimpita mbio, akalitoa jiko nje likiwa bado linawaka, viganja vikaungua.

Halafu akasimama mvuani na mikono yake ile, akawaambia majirani waliojaa pale:

"Fungueni madirisha. Hii kitu ikikaa ndani inaua mtoto."

Hapakuwa na Kiingereza hata kidogo. Na hakuna aliyehitaji kuuliza mara ya pili.

Jiko lenyewe si baya. Linapika vizuri na limeokoa miti, mimi ninalo, liko nje chini ya paa. Kutunza mazingira ni kazi ya maana na sitamcheka anayeifanya.

Ila mtu akikuletea kitu akakuambia ni green, usipige makofi. Muulize hiyo green inafanya nini, na inaweza kumdhuru nani. Akirudia tu neno lile lile, ujue naye hajui.