Siku Nilipoikuta Karakana Bila Ta Kaijage

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana ya chuo cha ufundi hapa Bukoba nimevaa koti jipya la kazi, nikabaki mdomo wazi. Wanafunzi ishirini na sita, mashine ya kukereza moja, nayo mbovu. Mashine hiyo huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga hadi kipate umbo. Fundi mitambo asiyeijua ni kama mpishi asiyejua moto. Mwalimu niliyempokea kazi alikuwa akiichora ubaoni kwa chaki za rangi.

"Wanazijua sehemu zake zote," aliniambia kwa fahari.

"Wamewahi kuigusa?"

"Wanaifuta vumbi kila Ijumaa."

Miaka ilipita, nikawa mratibu wa uanagenzi, yaani mpango wa mwanafunzi kusoma muda fulani chuoni na muda fulani kiwandani. Mkuu wa Chuo, mtu mkali asiyependa maelezo marefu, alinituma Muleba, kwenye kiwanda kidogo cha kutengeneza mashine za kumenya kahawa. Huko nilimkuta fundi mkuu, Ta Kaijage. Ta ndivyo Wahaya tunavyowaita wanaume kwa heshima. Alikuwa mtu wa Izigo, mikono yake imejaa makovu ya chuma. Aliwapokea vijana wangu wanane wa kwanza kama wanawe. Aliwapa venia, kipimo kinachosoma hata unene wa karatasi, kisha akawaambia, "Pima mara tatu. Ukipata majibu matatu tofauti, bado hujapima."

Wale wanane walirudi mafundi. Nikapongezwa, na sifa zikanilevya. Niliandika mkataba mpya kwa mkono wangu: wanagenzi ishirini kila awamu. Meneja wa kiwanda aliutia sahihi bila kubishia neno hata moja, nami nikauona huo kuwa ukarimu.

Nilipokwenda kuwakagua wale ishirini, ngurumo za mashine nilizisikia tangu getini, nikafurahi. Nikaingia. Sikuona mtu mzima hata mmoja. Kwenye mashine ya Ta Kaijage alisimama Adventina, binti niliyemwacha chuoni hajui hata kufunga kisu.

"Ta Kaijage yuko wapi?"

Akazima mashine. "Waliachishwa kazi, mwalimu. Mafundi wote saba. Wiki ileile tuliyofika."

"Sasa nani anawafundisha?"

"Tunaangaliana tu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja. Alinikaribisha chai.

"Mwalimu, mbona unashangaa? Mkataba unasema wanagenzi watafanya kazi za karakana chini ya usimamizi wa kiwanda. Mimi ndiye kiwanda. Nawasimamia."

Akanifungulia ukurasa. Maneno yalikuwa yangu, na nukta zake zote. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mafundi wabaki. Haikunijia kabisa kichwani kwamba mtu angeweza kumwondoa mwalimu kwa kuwa wanafunzi wamefika.

Nilirudi karakana. "Zimeni. Chukueni vitu vyenu, tunaondoka."

Mkuu wa Chuo alifoka kwenye simu. "Koku, umetuharibia! Nani alikutuma uwatoe?"

"Hakuna aliyenituma, mkuu. Lakini pale hapana mwalimu. Mtoto akikatwa mkono tutamwambia nini mama yake?"

Akakata simu. Msimu wa kahawa ulikuwa umekaribia na wakulima walikuwa wakidai mashine zao. Siku kumi hazikwisha, Meneja akaomba tuzungumze. Tuliandika upya: kila wanagenzi wanne wawe na fundi mmoja aliyeajiriwa. Mafundi watano kati ya wale saba walirudishwa. Ta Kaijage aliitwa, akakataa.

Nilimfuata Izigo. Mkewe alinipa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni yeyote. Ta Kaijage alinisikiliza hadi mwisho wa kuomba kwangu radhi.

"Ile karatasi ilikuwa inanihusu mimi," alisema. "Ulikuja mara ngapi kuniuliza?"

"Hata mara moja, Ta Kaijage."

"Haya." Akainuka, akaenda kibanjani, shambani pake nyuma ya nyumba, kupunguza migomba yake. Nilirudi Bukoba bila jibu jingine.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Nshambya. Vijana wanaoratibu kazi hii leo wanafika hapa kuniuliza siri ya ushirikiano mzuri na viwanda. Nawaambia: kabla hujakaa na meneja, simama karakanani na fundi. Wengine huandika, wengine hutabasamu tu.

Siku ya kuniaga chuoni, katikati ya hotuba, nilimwona Ta Kaijage ameketi nyuma kabisa. Nilishtuka hata nikasahau nilichokuwa nasema. Watu walipotawanyika alinijia.

"Nionyeshe hiyo karatasi mpya."

Niliitoa ile karatasi ya mkataba kwenye jalada nililokuwa nakabidhi. Aliisoma amesimama, kidole kikifuata kila mstari, kisha akaomba kalamu yangu. Akafuta neno moja, akaandika jingine juu yake.

"Wanne ni wengi kwa fundi mmoja na mashine yake," alisema. "Wa nne haoni kisu. Waweke watatu."

Kesho yake, nikiwa si mtumishi tena, nilikwenda ofisini kwa Mkuu wa Chuo na karatasi ile, nikakaa mbele yake mpaka ilipochapwa upya.