Sista Phelister Aliyeikataa Kadi

Watu wa siku hizi wakimwona Phelister Khalayi akipita na kikapu chake cha sukuma wiki, wanaona mama mnene wa Bungoma anayependa kucheka. Hawajui lolote. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomcheka, na nitalisema bila kujificha.

Mwaka wa themanini na tatu tulikuwa manesi wanne katika kliniki ndogo ya kanisa, mtaa wa Baba Dogo. Mimi, Lydiah Waruguru, nilitoka Buruburu kila asubuhi, viatu vinang'aa, mke wa karani, najiona kweli. Phelister aliishi chumba kimoja nyuma ya viwanda. Kazi yetu ilikuwa chanjo na mizani. Mtoto alitundikwa kwenye mizani na nguo zake zote, maana foleni ilifika barabarani. Unasoma kilo, unatia nukta kwenye kadi yake ya ukuaji. Mstari ukipanda, nesi anatangaza, "Amepanda!" na akina mama wote kwenye benchi wanapiga makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na tuliipenda mno.

Kisha Phelister akapelekwa wiki sita katika hospitali kubwa, kwenye wadi ya watoto wenye kansa, akajifunze kuwatambua mapema na aje atufundishe. Wee! Alirudi mtu mwingine. Siku ya kwanza alificha parachichi bichi chini ya blanketi lililokunjwa, akatuambia tufumbe macho tulitafute.

"Kwa viganja, si kwa ncha za vidole," akasema. "Polepole, mara moja tu. Ukiupata uvimbe usirudie kubonyeza, unaweza kuupasua."

Tulicheka hadi machozi. Nikamuuliza kama sasa tumekuwa wauza parachichi.

"Cheka, Lydiah. Lakini mtoto umvue nguo kwanza. Tumbo lililofunikwa utalijuaje?"

Bwana Ndung'u, msimamizi wetu, hakucheka. Alisema kansa ni ugonjwa wa wazee na watu wasimletee vituko. "Ukianza kuwavua nguo watoto mia moja, tutafunga saa ngapi?"

"Tutafunga tukimaliza," Phelister akamjibu. Mbele yetu sote! Nilidhani mwanamke huyu amechoka na mshahara.

Mwezi uliofuata akaja Mama Nthambi, mke wa fundi wa kiwandani, pamoja na binti yake Nthambi wa miaka miwili na nusu. Nilimpima mimi. Miezi miwili nyuma alikuwa na kilo kumi na moja. Sasa kumi na mbili na nusu. Nikatangaza, benchi zima likapiga makofi, mama wa watu akacheka kwa haya na furaha.

Phelister alikuwa ameitazama mikono ya mtoto. "Mikono imekonda hivi," akaniuliza, "hizo kilo zimekaa wapi? Mama, mvue nguo nimwone."

Gauni likatoka. Tumbo lilikuwa limejaa upande mmoja. Nikajitia kusema ni minyoo. Phelister akamlaza, akaweka viganja mara moja, akaviondoa taratibu, na uso wake ukabadilika. Akaenda moja kwa moja kwa Ndung'u kuomba barua ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa.

Ndung'u akaipeperusha kadi. "Mstari unapanda. Niandike nini, kwamba mtoto amenona? Mpe dawa ya minyoo, arudi baada ya mwezi."

"Huyu hana mwezi wa kungoja."

"Nimesema!"

"Na mimi nimesikia." Akachukua karatasi, akaiandika barua mwenyewe, akatia sahihi yake, akavua aproni. Akambeba Nthambi mikononi na kutoka na mama yake, foleni ikimtazama.

Ulikuwa uvimbe wa kansa kwenye figo. Walimpasua wiki iliyofuata, Jumatano. Jumamosi kamati ya kanisa ikatuita. Mwenyekiti, Mzee Naftaly, mwalimu mstaafu, akasoma shtaka la barua isiyo na ruhusa, kisha masharti: Phelister aombe radhi na arudie kupima uzito tu, au aache kazi.

"Radhi sina," akasema Phelister. "Akija mwingine kesho nitafanya vile vile."

Ndung'u akaiinua kadi. "Mtoto alikuwa na afya njema. Tazameni nukta hii, imewekwa na Sista Lydiah mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Sitawadanganya, niliogopa. Niliwaza kazi yangu, niliwaza nyumba yetu ya Buruburu. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya kutumiwa na ya kujua nilikuwa nimestahili kutumiwa, nikasimama.

"Nukta ni yangu, na mtoto hakuwa na afya. Juzi nilikwenda wadini. Daktari aliyempasua ameniambia uvimbe ule ulikuwa na kilo moja na gramu mia mbili. Tuliupigia makofi! Mimi ndiye niliyetangaza. Mkimfukuza Phelister, andikeni na jina langu chini ya lake."

Wale manesi wengine wawili nao wakasimama. Mzee Naftaly akavua miwani, akasema mkutano umekwisha. Phelister alipewa barua ya onyo, akaisoma kwa sauti tukiwa jikoni, kisha akaitumia kufungia vitumbua. Jumatatu tuliwavua nguo watoto wote. Tulifunga saa moja jioni, na Ndung'u akanuna wiki nzima. Anune!

Msidhani tulimwokoa kila mtu. Mwaka ule tuliwapata wengine wanne, na wawili kati yao tuliwazika kwa sababu walifika wamechelewa. Phelister alilia kila mara, kisha akatufundisha upya, akaanza kuwaita na manesi wa mtaa wa Donholm siku za Jumamosi bila ruhusa ya mtu.

Nthambi alimaliza dawa zake za dripu na kurudi kwetu baada ya miezi minane, nywele zimeanza kuota tena, kovu refu tumboni. Nilipomlaza kitandani akanifokea, "Usinishike!"

"Utashikwa," nikamwambia. "Leo, na mwezi ujao, na mwaka ujao."

Nikaweka viganja, mara moja tu. Tumbo lilikuwa laini.